Mayai Yaliyovaa Sare

Mjukuu wangu walimbandika jina la Tajiri akiwa na miaka tisa, na tangu siku ile sikulipenda. Mtu mzima ukimwita tajiri anacheka, anajua ni utani. Mtoto anaamini.

Tulikaa vyumba vitatu na ua wa nyuma. Mimi, mwanangu wa mwisho, mkewe, na huyo Tajiri, binti yao wa pekee. Mkwe wangu alifanya kazi jikoni hospitalini, akiondoka alfajiri na kurudi jioni miguu imevimba. Mwanangu alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Hata baada ya hapo aliendelea kupiga pasi shati la kazini kila asubuhi, akalivaa, akafunga vifungo mpaka cha shingoni, akakaa nalo sebuleni.

Kuku niliwaleta mimi. Mtoto alipoingia darasa la nne nilimnunulia vifaranga wanne wa kienyeji, wote matetea, ajue kwamba kiumbe hai kinataka maji kila siku, hata siku ambayo wewe hujisikii. Biashara sikuitaja. Tetea mkubwa tulimwita Shangazi, kwa sababu alipita kila chumba akikagua. Mwingine, ambaye muuzaji aliniapia kwa viapo vyote kuwa ni tetea, alipokua alipanda ukutani akawika. Basi tukabaki na matetea watatu na kijana mmoja wa kula bure.

Nimefuga kuku tangu sijaota meno ya ukubwani. Matetea watatu wa kienyeji, wakijitahidi sana, watakupa mayai mawili kwa siku. Siku nyingine watakutazama tu kama watu uliowakopesha. Mayai yenyewe ni madogo, moja jeupe, moja la rangi ya maziwa, moja limechongoka kama kidole.

Mtoto alianza kwa kumuuzia fundi cherehani wa jirani. Yai moja, mawili. Fundi huyo ni mama mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, na ndiye aliyempa jina.

"Tajiri wangu, karibu! Leo una mzigo?"

"Ninao, Mama Fundi. Na ukinunua matano nakupa nyongeza."

"Haya, Mama! Umesikia mjukuu wako? Huyu halali njaa huyu. Samaki mkunje angali mbichi."

Nikamjibu, "Samaki aliyekunjwa amekwisha kuvuliwa. Hajiendei tena."

Alicheka, akaniambia nina wivu na mtoto.

Wivu sikuwa nao. Nilikuwa na macho. Kabla ya mvua kuisha yule mtoto alikuwa anatoka kila alasiri na trei zima, nyumba hadi nyumba, kandambili zimelika kisigino mpaka anakanyaga ardhi. Anarudi jua limezama, anakula amesinzia, daftari la hesabu liko mezani halijafunguliwa. Na trei linajaa tena kesho yake. Nikamwita.

"Mjukuu wangu, haya mayai yanatoka wapi?"

"Kwa kuku wangu, Bibi. Nayaokota mwenyewe kila asubuhi bandani."

"Matetea watatu?"

"Baba amewabadilishia chakula. Chakula cha dukani kinawafanya watage sana. Na yamekuwa makubwa, unaona?"

Nikaona. Makubwa, ya kahawia, yanalingana kama watoto wa shule waliovaa sare. Katikati yao yalikuwapo mawili madogo, yamejikunyata.

"Na haya madogo?"

"Hayo nayatoa nyongeza. Nani atanunua yai dogo?"

Nilimtazama machoni, naye akanitazama bila kupepesa. Mtoto mwongo huwa anatazama miguu yake, na mama yake, alipokuja kuolewa hapa, alikuwa hivyo hivyo siku aliyovunja sahani zangu. Huyu hakuwa anadanganya. Kama hakuwa anadanganya, basi alikuwa anadanganywa, na hilo liliniumiza zaidi.

Nilianza na mkwe wangu. Jikoni hospitalini yako mayai mengi, nikajisemea, na mkoba wake ni mpana. Jioni moja nilijifanya natafuta dawa ya kichwa nikaupekua. Nilikuta kanga iliyokunjwa, mkate nusu na kitana. Aliniona.

"Mama, unatafuta nini?"

"Kichwa kinanigonga."

"Dawa iko kabatini, pale pale ulipoiweka wewe."

Akanichotea maji ya kumezea. Ni mtu wa adabu, na adabu yake siku ile ilinichoma.

Wiki ile mwalimu wa darasa la mtoto akaja nyumbani, binti mchangamfu. Alitaka Tajiri asimame mbele ya shule nzima aeleze siri ya mafanikio. Mtoto wa darasa la nne, siri ya mafanikio ataijulia wapi?

"Mwalimu, na hesabu zake?"

"Ameshuka kidogo, Bibi, lakini huku anajifunza hesabu kwa vitendo."

"Kwa vitendo vya nani?" nikauliza. Akadhani natania.

Mwanangu alikuwa amekaa pale pale na shati lake la vifungo. Nilipouliza vile, alikohoa akainuka kwenda kunywa maji. Mtungi ulikuwa mbele yake.

Kesho yake nilipiga majivu bandani. Hakuna wa kuniuliza, kila mfugaji anajua majivu yanafukuza utitiri. Niliyatandaza mlangoni mpaka kwenye viota, nikayalaza vizuri kwa kiganja. Asubuhi, kabla mtoto hajaamka kuokota, nikaenda kusoma.

Zilikuwapo nyayo za kuku, na nyayo za kandambili kubwa, kwenda na kurudi. Katikati ya ule wa mguu wa kulia palikuwa na alama ya duara yenye meno meno pembeni. Kizibo cha soda. Mkanda wa kandambili ile ulipokatika niliukaza mimi mwenyewe kwa kizibo, chini ya soli, ili mwanangu asinunue nyingine wakati hana kazi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nami nguo ile niliishona kwa mkono wangu.

Nilimkuta sebuleni.

"Vua kandambili."

"Mama?"

"Vua nione soli."

Hakuvua. Aliangalia mlango wa chumba cha mtoto, akashusha sauti.

"Nanunua kwa jumla, Mama, kule kwenye mabanda makubwa ya kuku wa kisasa. Nayaweka viotani kabla hajaamka."

"Kwa nini usiyauze wewe, una miguu miwili na shati limepigwa pasi?"

"Nilijaribu. Wiki nzima nilizunguka na trei mtaa wa pili. Mwanamume mzima akibisha hodi na mayai, watu wanafunga milango, au wanashusha bei mpaka unaona aibu. Lakini akienda yeye, hakuna anayebishana. Wanamwachia mpaka chenji. Wanasema mtoto hodari."

"Kwa hiyo umemtuma mwanao akaoneshe uso wake mahali ambapo wa kwako unaona haya."

"Anafurahi, Mama! Umemwona alivyo na furaha? Anajiona mtu."

"Ndiyo maana nakwambia. Mwambie kabla hajajua mwenyewe."

Akaahidi. Ahadi za mwanangu nazijua tangu ananyonya.

Nikaenda pia kwa fundi cherehani, maana nilianza kumshuku na yeye. Nikamuuliza kama hajui yai la kisasa na la kienyeji.

"Mama, mimi mtoto? Najua toka siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Kwani nanunua yai? Mimi nanunua yule mtoto anavyosema nyongeza." Akauma uzi kwa meno, akacheka. "Tena nyongeza yake ndiyo tamu. Kale ka kienyeji nakala peke yangu, simgawii mtu."

Mtaa mzima ulijua, basi. Asiyejua ni mwenye biashara.

Sasa sikiliza kilichotokea. Shangazi alianza kuatamia. Alikaa kiotani amevimba, ukimsogelea anakudonoa. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda kupima macho. Niliporudi mtoto alinipokea mlangoni akirukaruka.

"Bibi, nimemwekea Shangazi mayai! Nimechagua makubwa tupu. Yai kubwa, kifaranga kikubwa. Na nimeshawaambia wenzangu darasani, mwalimu kasema nikipata vifaranga atakuja na darasa zima kuangalia."

Mayai yale ya kisasa yametagwa na kuku ambao hawajawahi hata kusikia jogoo akiwika. Ungeyaweka chini ya Shangazi mpaka Shangazi azeeke, yasingetoa kitu. Na mtoto alikuwa ameshaita watu.

Nilimwendea mwanangu. "Una wiki tatu," nikamwambia. "Kuku hajui kuongopa. Wiki tatu zikiisha atasema yeye."

Nitasema kweli, nilishawishika. Yale madogo yalikuwapo, yana jogoo wake, ningeweza kuyabadilisha bila mtu kuniona. Nilifika mpaka mlangoni mwa banda na mawili mkononi. Halafu nikaona nitakuwa ninauatamia uongo wa mwanangu ili uzae. Nikarudi nikayachemsha.

Wiki ya kwanza mwanangu alisema anatafuta maneno. Ya pili alisema mtoto ana mtihani. Ya tatu hakusema. Mtoto alikuwa akirudi na trei tupu anakwenda moja kwa moja bandani, anachuchumaa, anamsimulia Shangazi habari za shule. Shangazi alikonda. Kuku anayeatamia hali vizuri, na yule alikuwa anakonda kwa ajili ya mawe.

Siku ilifika ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ilikuwa Jumamosi, mkwe wangu yuko kazini, sisi watatu tuko uani. Mtoto akainua yai moja, akalitikisa sikioni, likasikika maji. Akalipasua kwenye tofali. Harufu iliyotoka hapo ilimfanya hata yule jogoo akimbie. Akapasua la pili. La tatu. Hakulia. Ningependa angelia.

Alisimama, akajifuta mikono kwenye gauni, akasema kwa sauti ambayo sikuijua:

"Huyu kuku hana faida. Ameniharibia mtaji. Baba, tumuuze kwa mchinjaji, tununue mwingine."

Alikuwa anamsema Shangazi, aliyelala naye kwenye kanga alipokuwa kifaranga mgonjwa. Mtoto wa miaka tisa anamkatia hukumu kuku kama meneja wa kiwanda. Nilimgeukia mwanangu, na nikaona amesikia kile kile. Yale ndiyo maneno waliyomwambia kiwandani siku ile walipompunguza, kasoro mchinjaji.

Akachuchumaa kwenye majivu na shati lake la pasi.

"Shangazi hana kosa," akasema. "Mayai sio yake. Ni mimi ninayeyaweka. Nanunua."

Mtoto alimtazama, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Yote?"

"Yale makubwa."

Uso wake ulikuwa unafanya kazi. Nilijua anatafuta nini.

"Kwa hiyo ya kwangu ni yale madogo."

"Ndiyo, mama."

"Yale ninayogawa bure."

Hapo ndipo alipolia, akaingia ndani akafunga mlango, na hakufungua mpaka mama yake aliporudi na miguu yake iliyovimba akabisha. Waliongea huko ndani muda mrefu. Mkwe wangu alipotoka alimpita mumewe kama anapita kiti.

Jumatatu mtoto alivaa sare ya shule mapema. Trei lilikuwa limejaa, mwanangu alikuwa amelileta mezani waziwazi. Mtoto akalibeba kwa mikono miwili, akatoka nalo mpaka kizingitini, akaliweka chini mbele ya kandambili za baba yake.

"Bwana Mayai, wateja wako hao. Mama Fundi anachukua matano. Yule wa geti la kijani ana mbwa, lakini haumi."

"Na mwalimu nimwambie nini?" baba mtu akauliza.

"Nitamwambia mwenyewe." Akajitwika begi, akapiga hatua, akarudi. "Baba, na miguu yangu?"

"Miguu imefanya nini?"

"Mayai yalikuwa yako, lakini miguu iliyotembea ni ya kwangu. Nataka viatu."

Mwanangu alibeba trei asubuhi ile. Nilisimama mlangoni nikamfuata kwa macho mpaka kwa fundi cherehani, nikamsikia yule mama akipiga kelele, "Jamani, Tajiri kaota ndevu!" Mtaa mzima ukacheka. Lakini alinunua, tena bila nyongeza. Milango mingine ilifungwa. Alirudi na zaidi ya nusu ya mzigo, na keshoye akatoka tena.

Shangazi alipumzika, akanenepa, akaatamia upya mayai madogo aliyochagua mtoto kwa kuyapiga alama ya mkaa, asichanganyiwe na mtu. Vifaranga walipotoka darasa lilikuja, nyayo tele uani. Mwalimu akamuuliza mbele ya wenzake sasa atauza wangapi. Mtoto alisema hajui, kwanza wakue. Jibu hilo nililiweka moyoni.

Viatu vilikuja mwisho wa mwezi, vyeusi, vya kufunga kamba. Mwanangu aliviweka mezani, akajikohoza, mtoto akaruka. Wote walikuwa wanacheka, hata mkwe wangu. Mimi nilivaa miwani, nikachukua kiatu kimoja, nikakigeuza kuangalia soli.

Ilikuwa mpya. Nikachukua na cha pili.