Shemeji Alinibadilishia Lensi, na Jumamosi Nampiga Picha za Harusi Yake

Mnifiche jina kabisa, maana Kitengela watu wananijua hata nikiwa nimejifunga leso kichwani. Nina miaka thelathini na tatu, niko na bwana na watoto wawili. Sisi ni watu wa Kakamega, tuliletwa huku na kazi ya mzee wangu. Mimi kazi yangu ni kupiga picha: harusi, ubatizo, watoto wa nasari. Kamera za dijitali tunazisikia huko Nairobi. Huku kwetu bado ni filamu, unapiga leo, halafu unangoja zioshwe ndio ujue kama umeharibu.

Aliyeniumiza ni shemeji yangu, mdogo wa bwanangu. Alikuja kwetu hana kazi, akala kwangu, akalala kwa kochi langu, na ni mimi nilimfundisha kushika kamera. Siku nilienda kununua lensi ya zoom nikamnunulia na yake. Zile za kampuni iliyotengeneza kamera zetu sikuthubutu hata kuulizia bei. Nikachukua mbili za kampuni ingine, hizi zinatengenezwa ziingie kwa kamera isiyo yao. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini wenye kazi hii wanajua lazima uzijaribu. Nikabandika gazeti ukutani nje kwa jua, nikaweka kamera juu ya stuli, nikapiga na hii, nikapiga na ile. Picha zikarudi. Moja ilikuwa kali, maandishi unasoma mpaka kwa kona. Ingine ilikuwa safi katikati na kulia, lakini upande wa kushoto wa picha ni uji mtupu.

Nikabaki na ile kali kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na kazi za harusi. Nikamwambia, "Shemeji, hiyo yako itakufaa kwa picha za passport, uso unakaa katikati. Ukisimama vizuri tutatafuta ingine." Akanishukuru sana. Sikuweka alama yoyote kwa lensi yangu. Nani anawekea alama vitu ndani ya nyumba yake?

Basi nikaitwa harusi kubwa Bisil. Wakati wa picha ya familia nzima, kokoo wa bibi harusi, yule nyanya aliyemlea, akaketi mwisho upande wa kushoto, shanga zake zote shingoni. Picha zikatoka. Haki, nilikaa chini. Watu wote wanaonekana isipokuwa yule mama. Uso wake hauna macho wala mdomo. Baba ya bibi harusi akaja na albamu mpaka kwa mlango wangu, akaniuliza mbele ya majirani, "Mama, kokoo yetu umemfanya moshi?" Ile kazi ya Mashuuru nilikuwa nimeahidiwa akapewa nani? Shemeji! Na huko akawa anawaambia watu, "Shemeji yangu ni mtu mzuri, lakini mkono wa mwanamke hutetemeka."

Mimi nitetemeke? Nikabandika gazeti tena, mahali palepale, stuli ileile. Picha zikarudi, kushoto uji. Nikatoa zile za kwanza nikaziweka kando kando, nikaona ni lensi yake ndiyo iko kwa begi yangu. Nilipomuuliza alicheka. "Ah, shemeji, si zote ni mapacha? Utajuaje?" Bwanangu naye akaniambia nisilete vita kwa nyumba juu ya kioo. Shemeji akahamia Kajiado na lensi yangu, akafungua studio, na mimi nikabaki kupiga watoto wa nasari. Nimelia, sitadanganya. Halafu nikaacha kulia, nikaanza kungoja.

Sasa sikilizeni. Shemeji anaoa. Mama mkwe amekuja kutoka nyumbani, akasema harusi ya mtoto wake itapigwa na mtu wa nyumba, yaani mimi. Tulikuwa tumeketi sote sebuleni. Nikaona shemeji anafuta jasho. Akasema, "Sawa mama, lakini nitamuazima shemeji ile lensi yangu." Ati yake! Ati aniazime!

Nikamjibu kwa sauti ya asali, "Usijisumbue, shemeji. Ile niko nayo inatosha."

Mama mkwe akamgeukia. "Kwani lensi ya mke wa ndugu yako iko na shida gani?"

Jamani, mngeona ule uso. Akisema iko na shida, ataulizwa amejuaje. Aliangalia zulia, akaangalia bwanangu, mwishowe akasema, "Haina shida, mama." Nikamuongezea chai. Sijawahi kufurahia chai namna hiyo.

Nilikuwa nimeamua kuharibu harusi yote. Lakini jana bibi harusi alikuja kuniona, msichana mpole wa Kajiado. Akanishika mkono akasema, "Dada, baba yangu ni mgonjwa, hawezi kufika. Atakachoona ni zile picha tu. Tafadhali nipige vizuri." Roho ikaniuma. Huyu hajanikosea kitu. Mchumba wake akila ugali wangu miaka hiyo yote, yeye alikuwepo? Hapana, yeye hata hakuwa ananijua.

Usingizi ulikataa. Asubuhi nikichemsha maziwa jibu likaja lenyewe. Hii lensi inaharibu upande mmoja tu. Bibi harusi nikimweka katikati, mama yake kulia, mama mkwe kulia, wote watatoka wakali mpaka kope zihesabike. Na bwana harusi asimame kushoto, mwishoni kabisa, kila picha, kanisani, nje, kwa keki. Atacheka, atatoa meno, na kwa ukuta wa nyumba yake atakuwa moshi umevaa tai, miaka yote ya ndoa yake. Na hawezi kulalamika kwa mtu.

Nishaurini kabla ya Jumamosi. Wa kuniambia nisamehe, bwanangu ameshaniambia hayo ya kutosha. Nyinyi niambieni tu: nimsimamishe upande gani?