Mgeni Mwenye Zeze Uani Malangali

Miaka ile maduka ya watu binafsi yalikuwa yakichipuka kando ya barabara ya Malangali, kila moja na redio kaseti yake mlangoni. Baba mkwe wangu aliendelea kuwakusanya wapiga zeze uani kwetu kila Jumapili baada ya misa. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Mume wangu ndiye aliyenifundisha, kisha yeye mwenyewe akaacha kwa kukosa subira.

Tulianza na nyimbo za kanisani, tukaingia za kuvuna ulezi, za harusi zikaja mwisho. Aliyeanzisha wimbo ndiye aliyeumaliza. Akiinua mguu, tulijua tunafunga. Asiyeujua alilaza upinde magotini akasikiliza. Na yeyote aliyekuja na zeze lake alipewa wimbo mmoja auongoze.

Jumapili moja akaingia mfugaji wa Kisukuma, zeze lake limefungwa kwenye kitenge. Tulimfahamu. Wiki hiyo ng'ombe wake walikuwa wameingia shambani kwa baba mkwe na kula ulezi uliokaribia kukomaa.

"Shikamooni wazee," alisema, amesimama karibu na lango.

Wazee waliitikia kwa sauti ya chini. Baba mkwe alichelewa kidogo.

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya shamba?"

"Shamba nitakuja kesho, mzee. Leo nimesikia mazeze."

Niliona mikono ya baba mkwe ikiubana upinde, nikadhani atamfukuza. Akanigeukia. "Mkwe, mletee mgeni kigoda." Kisha akamwambia yule mtu, "Ya shamba tutayaongea kwa mwenyekiti wa kijiji. Wimbo ni wako."

Akapiga wimbo wa taratibu ambao hatukuwahi kuusikia. Sote tukalaza pinde. Alipiga amefumba macho, na sauti ya zeze lake ilikuwa nzito kuliko za kwetu. Alipourudia mara kadhaa, baba mkwe akaanza kumfuata chini chini, akikosea, akisubiri, akijaribu tena. Mgeni akapunguza mwendo ili mzee amfikie. Hakuinua mguu mpaka mzee alipoupata.

Kesho yake walikutana kwa mwenyekiti. Mzee alirudi amenuna, maana maneno yalikuwa makali, lakini walikubaliana: mvua zikianza, mfugaji angeleta maksai wake kulima shamba lote. Alikuja kweli, na mwanawe mkubwa, nikawapelekea togwa shambani.

Alihudhuria Jumapili zetu hadi alipohamia bondeni kutafuta malisho. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuuanzisha wimbo wake, hadi baba mkwe aliponiambia, "Anza wewe, mkwe. Una mkono mtulivu."

Niliuanza. Katikati nilipotea, wazee wakapunguza mwendo, nikaupata tena.