Nilivyomtafsiri Mkuu wa Safari

Tulikaa Kongo, ng'ambo ya ziwa, miezi kumi na minne tukihubiri. Tuliondoka watu sita, tukarudi watano. Mkuu wa safari alikuwa mchungaji Mzungu, mgeni katika nchi yetu, ambaye Kiswahili chake kilitosha kuomba maji na kuhimiza wapagazi. Mahubiri yake yote yalipita kinywani mwangu. Yeye alisema kwa Kiingereza, mimi nikageuza, watu wakaamini.

Aliyebaki kule alikuwa rafiki yangu, mwinjilisti wa Pangani, Kibaha. Tulisoma pamoja shule ya misheni Kisarawe, tukabatizwa asubuhi moja, wote wawili watoto wa Kiislamu. Safari ikiwa imekaribia kwisha, homa ilimkamata milimani. Nyuma yetu, mwendo wa siku moja, palikuwa na hospitali ya masista wa Kikatoliki. Mbele, mwendo wa siku tatu, palikuwa na mkutano uliokwisha kutangazwa. Nilimsihi mkuu wa safari turudi.

"Bwana atamponya njiani," akasema. "Watu wanatungoja."

Tukamlaza kwenye machela, tukaendelea mbele. Siku ya pili, jua likiwa utosini, alikata roho. Tulimzika kando ya shamba la mihogo la watu tusiowajua. Mkuu wa safari akasimama kaburini, akasema ndugu yetu alikataa mwenyewe kurudi, na neno lake la mwisho lilikuwa "Songeni mbele." Nami nikatafsiri neno kwa neno, kwa sauti safi, huku nikijua kwamba marehemu alinishika mkono akasema, "Nirudisheni."

Tangu siku ile nilimwekea kisasi. Nilimchemshia chai, nikamfungia chandarua, nikamtafsiria kama kawaida, na moyoni nikawa natafuta mahali pa kumpiga pasipopona. Tulipovuka mto mmoja juu ya gogo, yeye mbele mimi nyuma, nilifikiria kumsukuma. Nikaona ni adhabu ndogo. Angekufa akisifiwa.

Njia ilifunguka ndani ya treni, tukitoka Kigoma. Mkuu wa safari alikuwa akiandika taarifa yake. Alinisomea ukurasa wa kifo cha rafiki yangu, na "Songeni mbele" ilikuwamo, imepigiwa mstari.

"Mjane wake atafarijika," akasema.

"Sana, Bwana," nikamjibu. "Ingefaa uisome kanisani, mbele ya watu wote. Mimi nitatafsiri."

Akanishukuru. Nililala usingizi mzuri hadi Morogoro.

Tulishuka Pugu, tukapanda kilima hadi Kisarawe kwa miguu. Mama yangu, aliyebaki katika Uislamu wake hadi kufa, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanikagua uso. "Hao uliowaendea wamekufanya nini?"

"Si wao."

Hakuuliza ni nani. "Basi usimfanye mtu kitu ukiwa na njaa," akasema. "Kaa ule."

Jumapili ikawa ibada ya kushukuru kwa safari kwisha salama. Kanisa lilijaa, na majirani Waislamu wakasimama madirishani, maana tulikuwa wana wao pia. Mjane alikuja kutoka Pangani pamoja na baba mkwe wake. Wakakalishwa mbele. Mkuu wa safari alisoma, nami nikatafsiri kwa uaminifu: milima, ubatizo, nyimbo, mvua. Alipofika kwenye ukurasa ule alishusha sauti, akamtazama mjane kwa huruma.

Nikasema: "Anasema mumeo alitaka mwenyewe kuendelea. Huo ni uongo. Hospitali ilikuwa nyuma yetu mwendo wa siku moja. Mumeo aliomba arudishwe. Huyu alikataa, kwa sababu ya mkutano."

Neno "uongo" alilijua. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza nimewaambia nini.

"Ukweli," nikamjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Na sasa waambie wewe kwa kinywa chako. Mimi sitafsiri tena."

Alifungua mdomo. Alitafuta maneno ya Kiswahili, akapata "ndugu zangu" na "samahani", basi. Nilikuwa nimengoja siku nyingi kuiona sura ile, nami niliitazama yote, sikukwepesha macho. Ilikuwa tamu. Wanaosema kisasi hakina ladha, mimi sijui walikionjea wapi.

Ndipo mjane akasimama. Nilidhani anamwendea yeye. Akanijia mimi.

"Shemeji, walimbeba kwa machela?"

"Ndiyo, shemeji."

"Wewe ulishika upande gani?"

Ningeweza kusema nilitembea kando.

"Wa mbele," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeonyeshwa njia, akamshika baba mkwe wake mkono, wakatoka.

Mkuu wa safari alirudishwa kwao kabla ya masika. Mimi niliondolewa kazini wiki ileile, nikarudi kulima na baba yangu, na hakuna aliyeniita kutafsiri tena. Baada ya mwaka hivi mkuu wa safari alinitumia barua kwa Kiswahili alichojifunza mwenyewe, chenye makosa mengi, akiomba nimsamehe. Nilimjibu kwa mstari mmoja: mwandikie mjane. Sijui kama aliandika.

Nimeambiwa mara nyingi nimsamehe, na wachungaji na masheikh pia. Sijamsamehe. Kwa mjane nilikwenda mara tatu Pangani, miaka tofauti. Kila mara alinipa kigoda, akanipa maji, akaendelea kupepeta mchele wake. Mara ya tatu nilianza kusema kwamba nilikuwa mtu wa kutumwa tu.

"Kunywa maji, shemeji," akasema, "kabla jua halijakuwa kali kwa safari yako."

Nikanywa, nikaondoka.