King'ora na Bosi Asiyesikika

Fundi mmoja wa mabomba katika idara ya maji alikuwa na sauti kali, ndiyo maana wenzake wakamwita King'ora. Sauti hiyohiyo ilimpa uenyekiti wa wafanyakazi, na kwa miaka aliwafokea mameneja mpaka vioo vya ofisi vikatikisika. Kisha akaletwa meneja mpya, mama mmoja ambaye akizungumza, hata aliyekaa naye meza moja humtegea sikio.

Mkutano wao wa kwanza ulihusu buti, kwa kuwa mafundi walikuwa wakiingia mitaroni na viatu vilivyotoboka. Mama akasema jambo, na waliokaa nyuma wakapiga kelele, "Hatusikii!"

"Mwenyekiti, hebu nisaidie kuwafikishia," akaomba.

King'ora akasimama kwa madaha.

"Buti zimechelewa kwa uzembe wangu," mama akanong'ona. "Nilisahau kuziagiza. Naomba radhi."

King'ora akamgeukia. Ugomvi aliouandaa wiki nzima ulikuwa umemfia mdomoni.

"Hiyo nayo niiseme?"

"Iseme, mzee wangu."

Akaisema, lakini kwa sauti ya mgonjwa. Wa nyuma wakalalamika tena. Basi mama akavua viatu, akapanda juu ya kiti na kuomba radhi mwenyewe kwa sauti, mishipa ya shingo imemsimama. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vicheko.

Buti zilifika kabla ya mvua. Jioni hiyo King'ora alirudi nyumbani amenuna.

"Vipi, baba watoto, wamewanyima?" mkewe akauliza.

"Wametupa, tena saizi zetu," akajibu. "Sasa nitagombana na nani?"