Chipu Moja, Mfuko Mmoja

Mwanamume akianza kukusaidia bila kuombwa, ficha vitu vyako. Ndunge hakuficha. Mwaka huo wa tisini na nne alikuwa na chumba cha kupigia chapa pale mtaani Tena: kompyuta moja, printa moja, na ukutani mifuko ya kitambaa aliyoishona mwenyewe. Kila mfuko ulikuwa wa aina moja ya chipu, kile kijipande cha kadi kinachoamrisha vifaa vya kompyuta, maana chipu zile zilikuwa na kazi nyingi. Ileile iliyoamrisha diski ya kuhifadhia kazi ndani ya kompyuta ndiyo iliyoamrisha printa na mausi. Basi diskiti zenye dreva zake, yaani programu za kuiendesha chipu hiyo, zilikaa pamoja mfukoni, kila moja na namba ya chipu yake. Ukiweka dreva ya printa isiyo yake, printa inanuna tu. Ukikosea ya diski, umefuta kila kilichomo.

Ijumaa stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo na kuunguza kadi ya kompyuta. Jumamosi asubuhi Ndunge akaweka kadi nyingine yenye chipu nyingine, akageukia ukuta. Mifuko ilikuwa mitupu.

"Nimekupangia, Mama Mwende," mumewe akasema, meno yote nje.

Munyao alikulia kwenye banda la vinyago la baba yake, ambako twiga hukaa na twiga, simba na simba, mteja apate kuchagua. Sasa mezani palikuwa na mikebe mitatu: ya printa, ya diski, ya mausi. Vibandiko vya namba alikuwa amevibandua, ati vimechakaa.

"Nani alikutuma, Baba Mwende? Nani?" Ndunge alifoka. "Nikija bandani kwenu nikakata vinyago vyote, vichwa huku, miguu kule, utasema nimepanga?"

"Shukrani ya punda ni mateke," Munyao akanung'unika.

Wakati huo Wekulo alikuwa amesimama mlangoni na suti yake nyeusi. Mama yake, Ayuma, alikuwa mochari, na basi la kumpeleka Bungoma lilikuwa barabarani, limewashwa. Kabla hajafa, bibi huyo alikuja hapa siku baada ya siku akimsimulia Ndunge maisha yake, ayapige chapa, yasomwe kaburini. Yote yalikuwa ndani ya diski. Stima ilipotea kabla Ndunge hajayatolea nakala.

"Hii hapa," Munyao akachomoa diskiti kwenye mkebe wa diski. "Ilitoka mfuko mwekundu. Haki ya Mungu, naikumbuka."

Mfuko mwekundu ndio uliokuwa wa chipu hii mpya. Basi likapiga honi. Ndunge akaichukua, akaisukuma ndani. Diski ikakwaruza kwa muda, kisha kimya. Kioo kikaandika kwamba hakioni kitu: diski ilikuwa imefutika.

"Ama ilikuwa ule wa buluu?" Munyao akauliza.

Lo! Mkebe ulipaa, diskiti zikamwagika hadi barabarani. "Toka! Toka, nisije nikafungwa kwa ajili yako!" Munyao akatoka.

Wekulo hakupiga kelele. Laiti angepiga. "Mengine tutayasema wenyewe," akasema. "Lakini kuna mtoto wake wa kwanza, aliyekufa sisi hatujazaliwa. Jina lake hakututajia kamwe. Alisema amekuachia wewe, tutalisikia akizikwa. Nipe hilo jina tu, Mama Mwende."

Ndunge akalitafuta jina kichwani, asilione. Alilipiga chapa jina lile, bibi akilia mbele yake, na yeye akili yake yote ilikuwa kwenye kasi na makosa ya herufi. Akajilaani. Akamlaani Munyao, akailaani stima.

Kisha akaketi mbele ya mashine iliyokufa, akafumba macho, akaweka vidole mahali pake kwenye kibodi. Vikaenda vyenyewe: *Mtoto wangu wa kwanza niliyemzaa nilimwita*. Hapo vikasimama. Nje honi ikalia tena.