Siku Bwawa Letu Lilipopanda Juu

Nimeona mengi, lakini bwawa la kuogelea kung'oka ardhini kama jino bovu? Hapana. Hilo nililiona kwangu.

Umesoma vizuri. Bwawa. Liliinuka lenyewe, mchana kweupe, mvua inanyesha.

Anayedhani natia chumvi aje aone vigae vilivyopasuka. Ila kabla hujacheka, subiri nikwambie nani alikuwa ndani.

Kwanza usinihesabie utajiri. Nyumba aliturithisha baba mdogo wa mume wangu, na bwawa tulilikuta uani. Ni lile la fiberglasi, linaletwa zima kama bakuli kubwa, linafukiwa ardhini, basi.

Mtoto wetu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia. Tunamwita Meneja, maana tangu ajue kusema, kazi yake ni kuamrisha. "Mama, kaa hapa! Baba, nyamaza!"

Sasa bwawa na Meneja kwenye nyumba moja, utalala usingizi gani?

Nikaamua hilo bwawa nilisimamie mwenyewe. Asubuhi kabla ya chai natoa majani kwenye kikapu cha chujio, napima maji, klorini ikipungua naongeza, nasugua kuta zisiote utelezi. Baridi ikija na hakuna anayeogelea, pampu nawasha vilevile. Geti la uzio kufuli. Mume wangu akawa ananitania, "Mke wangu ameolewa na bwawa."

Halafu kulikuwa na kofia nyekundu.

Meneja akiwa macho, lazima mtu mmoja aivae. Mwenye kofia hashiki simu, hapiki, hasinzii. Akitaka kwenda hata chooni, anamvisha mwenzake na kumwambia, "Mtoto wako huyo." Mwenzake anajibu, "Nimempokea." Wageni walituona vichaa. Poa tu, waacheni waone.

Tuliishi hivyo, salama salimini, mpaka mama mkwe alipohamia kwetu.

Siku ya kwanza tu alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Hili kaburi mmelifungua la nani?"

"Ni bwawa, mama. Lina uzio."

"Nimeona. Nimeuliza la nani."

Kuanzia hapo hakuna aliyekula kwa raha. Akikaa mezani, kiti anakigeuza asilione. Usiku anatembeatembea. Nikamuuliza mume wangu, mama ana nini na maji? Akasema hajui, tangu yeye mdogo mama yake na maji hawapatani, hata kisimani alikuwa anatuma watu.

Msimu wa mvua ulipoanza, mama akamwita mwanawe akasema maneno mafupi.

"Maji yale yatoke, au nitoke mimi."

Nikampigia simu fundi wa bwawa. Kidogo anipasue masikio.

"Dada, na mvua hizi? Thubutu! Maji ya ndani ndiyo yanalikandamiza. Ukiyatoa na ardhi ikalowa, linasukumwa juu. Mimi simo."

Nikamweleza mume wangu. Akasonya. "Fundi anatutisha tu huyo, bwawa likikauka atakosa kazi. Na wewe unataka mama yangu akalale wapi?"

Nikamwachia. Akaazima pampu, maji yakakimbizwa mtaroni kutwa nzima. Mama mkwe alileta kigoda akakaa kusimamia mpaka tone la mwisho. Usiku ule alikula akaongeza, akalala fofofo.

Na nyumba nzima ikalegea.

Kofia ikatundikwa. Kuna maji gani ya kulinda? Kufuli likasahaulika. Mama mkwe mwenyewe, aliyekuwa hataki hata kulitazama bwawa, akaanza kuanika nguo kwenye ule uzio, geti kaliegemezea tofali lisimsumbue. Mvua ikinyesha, maji yanatuama kule upande wenye kina kirefu, yamejaa majani na tope, kuta zimeota ukijani. Kila mtu anayaona. Kila mtu anasema, aah, kidimbwi tu.

Sasa ile siku.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua inamwagika tangu alfajiri. Mimi jikoni, najua Meneja yuko chumbani kwa bibi yake. Bibi yake amejinyoosha, anajua mtoto yuko na baba. Baba sebuleni anaangalia mpira, anajua mtoto yuko na mimi. Wote watatu roho kwatu.

Mara, KRAAAK!

Sakafu ikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Tukakimbilia uani, huyu anamkanyaga yule.

Ukingo wa bwawa ulikuwa umepanda juu ya vigae, usawa wa magoti, upande mmoja umezidi mwingine. Mume wangu kashika kichwa. "Mungu wangu, bwawa! Bwawa limeng'oka!"

Mimi bwawa halikunishughulisha. Nilikuwa natazama tuko wangapi pale nje.

"Meneja yuko wapi?"

"Si yuko na wewe?"

"Mama, si alikuwa kwako?"

"Kwangu? Si alimfuata baba yake!"

Ndipo tukasikia sauti kutoka mle ndani.

"Mama! Njoo hapa! Njoo sasa hivi!"

Mwanangu alikuwa amesimama kwenye kina, anakwaruza ukuta kwa kucha. Ngazi iko juu, haifikii. Na bwawa lilivyoinama, maji yote yalikuwa yanahamia upande wake. Yalikuwa yamefika kidevuni.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka nimeteleza kwa makalio kwenye ukijani mpaka chini, nimemnyanyua juu ya kichwa changu. Kutoka sasa ikawa kasheshe, kila nikipanda naporomoka. Mume wangu akalala kifudifudi ukingoni, akatuteremshia shuka lililokuwa limeanikwa, akamvuta mtoto kwanza, kisha mimi.

Meneja alikuwa mzima. Anatetemeka, anagomba, lakini mzima.

Halafu wazo likanijia. Bwawa lisingeng'oka, nani angetoka nje kwenye mvua ile? Tungemtafuta baada ya mvua kukatika.

Jioni nikaenda chumbani kwa mama mkwe. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, na hayakuwa maneno ya kumwambia mkwe. Hasira ilikuwa imenifika hapa.

Nilimkuta amekaa chini, amekumbatia nguo mbichi za mjukuu wake. Hakuningoja nifungue mdomo.

"Mumeo si mwanangu wa kwanza."

Nikabaki mlangoni.

"Nilikuwa na mwingine kabla yake. Baba yao alikuwa anachimba shimo la choo nyuma ya nyumba, mvua ikanyesha. Maji yaliyoingia hayakufika hata kiunoni kwangu. Mimi nilikuwa kwa jirani, tunapiga soga. Tulipomzika tukahama, tukakubaliana tusiliseme tena. Mumeo hajui kama alikuwa na kaka."

Nikaingia ndani.

"Miaka yote nimeyakimbia maji, mwanangu. Nikatoa ya bwawa lenu, nikalala usingizi. Kumbe nimekaa kwenye kigoda nasimamia watu wanitengenezee shimo lilelile."

Akalia. Yale maneno yangu yote yaliyeyuka. Nikakaa chini pembeni yake, nikamshika, tukalia wote mpaka Meneja akaja kutuamuru tunyamaze.

Asubuhi alimwita mwanawe wakafungiana chumbani. Mume wangu alipotoka, macho mekundu, aliniambia neno moja tu: jina la kaka yake. Hakuwahi kulisikia.

Ndugu yangu unayesoma, kama una bwawa, tangi, au shimo la ujenzi ambalo fundi kaliacha, usiniulize lina maji kiasi gani. Niambie ni nani anamwangalia mtoto sasa hivi. Kama jibu lako ni "nadhani", acha simu hapo ulipo, nenda kamtafute.