Wale Waliopita Kabla Sijafika

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya darasa. Naingia shule moja ya msingi kuzunguka Kolwezi, nasalimia, natafuta nafasi kwenye benchi la mwisho, kisha namtazama mwalimu anavyofundisha. Masomo yakiisha tunakaa wawili, tunazungumza juu ya yale tuliyoyaona na kupanga somo linalofuata. Mimi si mkaguzi, simpi mwalimu alama. Wengi huchelewa kuamini hilo. Mama mmoja wa mtaa wa Kapata aliniamini mapema, na ndiyo maana habari yake inanikaa rohoni mpaka leo.

Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza tangu ujana wake, katika shule ileile, karibu na nyumba aliyoachiwa na marehemu mume wake, mfanyakazi wa zamani wa kampuni ya migodi. Mtaa mzima ulimjua. Kuna watoto waliokaa mbele yake ambao baba zao nao walikuwa wamekaa pale. Darasa lilijaa hadi wengine wakaketi chini, lakini akiinua mkono tu, wote walinyamaza.

Siku yangu ya kwanza aliandika ubaoni: Mama anapika bukari, yaani ugali wetu wa huku. Watoto wakasoma kwa pamoja, sauti moja, mpaka mabati yakaitikia. Walipotoka kucheza nilimwomba ruhusa tubaki na wasichana wawili waliokuwa wamesoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikafuta ubao, nikaandika maneno yaleyale kinyumenyume: Bukari anapika mama. Wakafuata kidole changu, wakasoma vizuri, bila wasiwasi: Mama anapika bukari.

Aliwaruhusu waende. Kisha akakaa kwenye benchi la watoto, magoti juu.

“Banaimba,” akasema. “Habasome. Banaimba tu.”

“Si kosa yako, mama. Njo vile tulifundishwa bote.”

Alikuwa anautazama ubao.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayekimbizana na mvua. Kwanza nilifundisha mimi, yeye akiwa nyuma. Kisha alifundisha yeye. Tuliacha kuimba sentensi nzima. Tulianza na sauti ya herufi moja, tukaiunganisha na nyingine, tukaandika herufi kwenye vifuniko vya chupa ili watoto wazipange wenyewe sakafuni. Nilimwomba asibaki mbele, atembee kati ya mabenchi na kumsikiliza mtoto mmojammoja. Hilo lilimsumbua mwanzoni, maana njia haikuwepo, ilimbidi aruke miguu ya watoto. Jioni aliniuliza maswali mpaka nikachelewa kurudi mjini. Mtoto akikosea, nimwambie jibu, au ningoje? Ningoje mpaka wapi?

Kabla ya Pasaka watoto walikuwa wanasoma. Walisoma majina kwenye mifuko ya unga na maandishi ya ukuta wa kanisa. Msichana mmoja, katika wale wawili, alisoma sentensi ambayo hakuwahi kuiona, akaishia njiani, akarudi nyuma, akajisahihisha mwenyewe. Mama mwalimu aligeukia dirisha akajipangusa uso na kitenge.

Nilifurahi, na katika furaha hiyo nikasema, “Ona, mama. Mwaka huu batoto bako banasoma.”

“Na bale ba zamani?” akauliza.

“Bale bamepita, mama. Tuangalie hawa tuko nabo.”

Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayefunga mlango nyuma yake akitoka. Nilikuwa na haraka. Wageni wakubwa wa elimu walikuwa wanakuja kuona madarasa yanayoendelea vizuri, na mimi nilikuwa nimeshawatajia darasa lake.

Muda mfupi kabla ya ugeni huo, direkta wa shule alinipigia simu. Mama mwalimu hakuja kazini tangu mwanzo wa juma, na alikuwa ametuma neno kwamba anaomba kutolewa darasa la kwanza, apewe kazi yoyote nyingine. Nilipanda pikipiki mara moja kwenda Kapata. Njiani niliwaza wageni. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimfikiria yeye, lakini wageni walitangulia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua sombe, majani ya muhogo. Akanipa kiti, akauliza habari za nyumbani kwangu, halafu akanieleza.

Alikuwa amekwenda kununua unga. Pale kwa muuzaji akakutana na kijana mmoja, mchimbaji wa yale mashimo ya shaba na kobalti, mwili umejaa vumbi, pamoja na wenzake. Alikuwa mwanafunzi wake zamani. Kijana alifurahi kumwona, akatoa chupa ya dawa mfukoni. Mtoto wake alikuwa na homa.

“Akaniambia, mwalimu, unisomee hapa, mutoto anapashwa kukunywa ngapi? Nikamusomea. Akageukia bale benzake, akasema, huyu mama njo alinifundishaka kusoma.”

“Alikucheka?”

“Hapana. Njo mubaya yenyewe. Alisema na heshima yote. Hakuona kama kuko kitu.” Akatupa jani baya pembeni. “Mi namukumbuka. Alikuwa na sauti nzuri. Nilikuwa namusimamisha mbele, benzake bamufuate. Nikamupitisha darasa la pili na furaha.”

Nilijaribu kumtuliza. Nilimwambia hakuwa na vitabu, hakuna aliyemwonyesha njia nyingine, na darasa lilikuwa na watoto kupita kiasi. Yote yalikuwa kweli. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Zamani, mbele ujakuya, nilikuwa nalala bila shida,” akasema. “Nilikuwa najua niko mwalimu muzuri. Batu bote ba hapa banajua vile. Sasa nikipita mu njia, kila mutu muzima ananisalimia, najiuliza: na huyu?”

Halafu akaniuliza bila ukali, “Ulikuya juu yangu ao juu ya bale bageni?”

“Juu ya bote, mama,” nikajibu, na uso wangu ukawaka moto.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyelipata jibu alilolitegemea. Akasema atarudi darasani Jumatatu, kwa sababu watoto hawakumkosea kitu, lakini wageni wasiletwe kwake. Nikakubali. Nikawapeleka kwa mwalimu mwingine, katika shule nyingine. Wakapiga makofi, wakanishika mkono. Baada ya hapo nikapewa shule nyingi zaidi za kufuatilia. Yeye alibaki na mabenchi yaleyale.

Mwenyewe alimtafuta yule kijana. Alimweleza wazi, mbele ya mke wake, kwamba hakumfundisha kusoma, alimfundisha kuimba, na kwamba akitaka waanze upya. Kijana aliona aibu, si kwa ajili yake mwenyewe, bali kwa ajili ya mwalimu. Akasema hana nafasi, kazi ya shimoni haina saa. Lakini mvua zilipoanza na mashimo kujaa maji, alikuja barazani kwa mwalimu pamoja na mke wake. Walikaa na vifuniko vya chupa kama watoto. Mke alienda mbio, kijana polepole sana, maana aliposhindwa alirudia kubahatisha, na kubahatisha alikuwa hodari. Mvua zilipokwisha walihamia upande wa Lubudi, ambako alisikia kuna machimbo mapya. Mama mwalimu hajui walifika wapi katika kusoma. Mke alikuwa anaweza, ananiambia. Kijana, hana hakika.

Hivi karibuni niliitwa kuzungumza na watu wanaojifunza kazi yangu hii. Niliombwa niwape mfano wa mwalimu aliyebadilika. Nikawasimulia ubao, vifuniko vya chupa, yule msichana aliyejisahihisha. Nikaishia hapo. Mmoja akauliza, na mwalimu mwenyewe alijisikiaje? Nikajibu kwamba alifurahi sana. Wakaandika.

Neno hilo lilinifuata njia nzima ya kurudi. Jumamosi nikaenda Kapata kumwambia nilichosema. Nilidhani atakasirika, na labda nilitaka akasirike.

“Nilifurahi kweli,” akasema. “Ile haukudanganya.”

“Lakini sikubaambia bote, mama.”

“Siku ingine utabaambia. Banapashwa kujua kama mwalimu anaweza kugonjwa moyo.” Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu. Mwaka huu, akasema, ana watoto wengi wanaochanganya sauti ya l na ya r, kila anachojaribu hakishiki. Akataka kujua wenzake wa shule nyingine wanafanya nini. Nilivua viatu, tukapanga vifuniko sakafuni, na tukabaki hapo mpaka mchana ukapita.